Mfuko wa Familia si USAID Ndogo

Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya maendeleo ya Marekani kwa siku 90. Machi, Waziri wa Mambo ya Nje Marco Rubio akatangaza kwamba asilimia 83 ya miradi ya USAID, shirika la misaada la serikali ya Marekani, imefutwa, na ilipofika tarehe 1 Julai shirika lenyewe likafungwa, mabaki yake yakahamishiwa wizarani kwake. Uingereza nayo ilikuwa imekwisha kusema, mwezi Februari, kwamba itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Tangu hapo watu wa asasi wa Tanzania na Kenya wamegeukia mlango mwingine: mifuko midogo ya hisani ya familia, hasa ya Marekani na Ulaya. Warsha za kufundisha maandiko ya miradi zinajaa. Orodha ndefu za majina ya mifuko zinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, nyingine zinauzwa. Wapo wanaojitolea kukuandikia andiko kwa makubaliano ya kuchukua asilimia fulani ya fedha zikitoka. Haraka hii naielewa. Kuna mishahara iliyokatika, kuna huduma zilizosimama, kuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliorudishwa nyumbani bila hata barua.

Lakini mbio zenyewe zimejengwa juu ya dhana potofu, kwamba mfuko wa familia ni USAID iliyopunguzwa ukubwa, na kwamba ukipeleka andiko lile lile kwa milango mingi zaidi utafika pale pale. Mfuko wa familia ni chombo cha aina nyingine kabisa, chenye sheria zake, kumbukumbu zake na sababu zake za kutoa. Asasi itakayouendea kwa tabia tulizozoeshwa na miradi mikubwa itapoteza muda wake na wa wenye mfuko. Na nchi itakayoamini kwamba pengo la dawa na vipimo litazibwa na familia chache zenye moyo mwema za New Jersey, Marekani, au Surrey, Uingereza, itawaumiza wagonjwa wake. Kinachowezekana kupitia mifuko hii ni kidogo zaidi kuliko tunavyotangaziwa kwenye warsha, na bado, nikikitazama kwa makini, ni kitu ambacho miradi mikubwa haikuwahi kutupa.

Mtu wa Unguja, Lamu au Mombasa ana njia fupi ya kulielewa jambo hili, kwa sababu amekua akiona nyumba na mashamba ya wakfu. Mwenye mali anaitoa katika umiliki wake, shina haliuzwi, kinachotumika ni kodi ya nyumba au mavuno ya minazi, na kinatumika kwa lile alilolitaja mweka wakfu: msikiti fulani, madrasa fulani, wasafiri, jamaa zake. Msimamizi hana ruhusa ya kuamua kwamba mapato ya nyumba ya Darajani sasa yanunue mashine ya eksirei, hata kama hospitali inaihitaji sana. Mfuko binafsi wa Marekani umejengwa kwa mifupa kama hiyo, ingawa sheria yake ina historia nyingine. Mwaka 1969, baada ya miaka ya malalamiko kwamba matajiri wanajificha kodi ndani ya mifuko ya hisani, Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye masharti makali. Familia ikakatazwa kufanya biashara na mfuko wake yenyewe. Mfuko ukalazimishwa kutoa sehemu ya mali kila mwaka, ambayo leo ni takriban asilimia 5 ya thamani ya mali ya uwekezaji. Na ukalazimishwa kueleza kwa maandishi, mbele ya kila mtu, ni nani aliyepewa na kiasi gani. Hii ndiyo bei ya nafuu ya kodi wanayopata. Tunapozungumzia mfuko wa namna hii, basi, tunazungumzia wosia wa watu fulani, wenye shina ambalo kwa kawaida haliguswi, pamoja na zao la mwaka lenye ukubwa unaojulikana.

Ukubwa huo tuupigie hesabu. Chukua mfuko wenye mali ya dola milioni 2, ambayo kwa mtu wa kawaida ni utajiri usiohesabika. Asilimia 5 yake ni dola 100,000 kwa mwaka, na gharama halali za uendeshaji zinahesabiwa humo humo. USAID, katika mwaka wa fedha 2023, ilisimamia zaidi ya dola bilioni 40. Kufikia kiasi hicho ungehitaji mifuko laki nne ya aina hiyo, kila mmoja ukitoa zao lake lote nje ya nchi. Marekani nzima ina mifuko binafsi laki moja na ushei, ya kila ukubwa, na sehemu kubwa ya fedha zake hubaki huko huko, kwenye vyuo, hospitali, makanisa, makumbusho na ghala za chakula za miji yao. Wapo wakubwa, ndiyo. Taasisi ya Ford (Ford Foundation) ina ofisi Nairobi tangu miaka ya 1960, na Gates ni taasisi yenye wataalamu wengi kuliko baadhi ya wizara. Hao wana utaratibu wao na kwa kawaida asasi ya kata haiwafikii. Ninaowazungumzia ni wale wengine, ambao wengi wao hawana hata mfanyakazi mmoja wa kulipwa: mjane, watoto wawili, mwanasheria wa familia na mhasibu anayejaza fomu, wanaokaa kikao mara moja au mbili kwa mwaka.

Fomu hiyo inaitwa 990-PF, nayo ni ya umma. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuisoma bure kwenye hifadhi ya mtandaoni ya ProPublica, chombo cha habari cha Marekani, na kwa Uingereza na Wales daftari la Charity Commission linatoa hesabu za mashirika ya hisani vivyo hivyo. Nashangaa jinsi warsha zetu zinavyotumia siku nzima kufundisha namna ya kuandika lengo kuu na malengo mahususi bila kumfungulia mshiriki hata fomu moja. Ifungue. Ukurasa wa kwanza unakuonyesha thamani ya mali mwishoni mwa mwaka. Shuka hadi kwenye orodha ya waliopewa: jina, anwani, hali ya kisheria, kusudi, kiasi. Soma miaka mitatu au minne mfululizo na tabia ya familia itaanza kujitokeza. Utakuta shule ile ile ikirudi kila mwaka kwa dola 5,000, nyumba ya wazee kwa 2,500, halafu jina geni likaingia kwa 3,000, na mwaka uliofuata likapewa 7,500. Hapo umeona njia halisi ya kuingia, na ni ya polepole. Karibu na orodha hiyo kuna kisanduku kidogo ambacho kingewaokoa watu wetu wengi. Kikiwekewa alama, maana yake mfuko hutoa kwa mashirika uliyokwisha kuyachagua tu, na haupokei maombi ambayo haukuyaomba. Mifuko mingi imeweka alama hiyo. Majina yake yamo pia kwenye zile orodha zinazouzwa.

Halafu kuna sheria ya kutoa nje. Mara kwa mara nasikia viongozi wa asasi wakisema, wametunyima kwa sababu sisi ni wa kijijini, hawatuamini. Inawezekana, lakini mara nyingi sababu ni kavu zaidi. Mfuko binafsi wa Marekani ukitaka kuipa fedha asasi isiyotambuliwa na mamlaka yao ya kodi kama shirika la hisani la umma, una njia mbili. Ya kwanza ni kumlipa mtaalamu athibitishe kwa maandishi kwamba shirika la Kasulu au la Kwale linalingana na shirika la hisani la Marekani, jambo linalohitaji katiba, hesabu, orodha ya bodi na tafsiri za nyaraka. Ya pili ni kubeba wajibu wa kufuatilia matumizi: uchunguzi kabla ya kutoa, mkataba wa maandishi, taarifa kila mwaka, na kuziripoti kwa IRS, mamlaka hiyo ya kodi, hadi fedha ziishe. Kwa mfuko wenye mhasibu mmoja wa muda, kazi hiyo kwa ajili ya dola 4,000 ni mzigo mkubwa kuliko fedha zenyewe. Ndiyo maana wengi hupitia shirika mlezi lililosajiliwa kwao, ambalo hupokea na kufuatilia kwa niaba yao, au jukwaa kama GlobalGiving linalofanya uhakiki huo mapema. Asasi inayojua hili itauliza katika barua yake ya kwanza, kwa adabu, kama mfuko hutoa nje moja kwa moja au hupitia mlezi, na kama tayari ina mlezi itamtaja. Sentensi hiyo moja inamwonyesha msomaji kwamba anazungumza na mtu aliyefanya kazi ya nyumbani.

Tabia tulizozoeshwa na miradi mikubwa ndizo zinazotuponza zaidi. Fedha za serikali za nje zilikuja kama zabuni: tangazo, tarehe ya mwisho, fomu, jedwali la mantiki ya mradi, viashiria, alama za ushindani. Anayesoma andiko hakujui na haruhusiwi kukujua, kwa hiyo ulijifunza kuandika kwa ajili ya kupata alama. Ukaweka walengwa wengi kwa sababu wengi wana alama zaidi. Ukaficha mshahara wa mhasibu ndani ya "mratibu wa mradi asilimia 20" kwa sababu gharama za ofisi zilikuwa dhambi. Ukaazima maneno ya msimu, mwaka huu ustahimilivu, mwaka kesho mnyororo wa thamani. Nimewahi kusaidia mfuko mmoja wa familia kusoma maombi kutoka upande wetu. Moja lilikuwa kijitabu, lenye nembo tatu juu, likiomba kiasi kisichofika shilingi milioni 15 kuwafikia watu nusu milioni katika halmashauri nne. Jingine lilikuwa barua ya kurasa mbili ya kikundi cha maji. Iliandikwa na katibu wao: pampu imekufa, kila ndoo inalipiwa shilingi 50, fedha zilizokusanywa ni kiasi hiki na ziko benki, daftari linashikwa na mweka hazina na funguo za kioski anazo mtu mwingine, kipuri kinauzwa bei hii na ankara ya duka imeambatanishwa, pengo ni kiasi hiki. Mwishoni wakaongeza kwamba hata pampu ikitengenezwa, kaya za ng'ambo ya korongo bado hazitapata maji, na hilo hawajajua watalitatua vipi. Mama mwenye mfuko aliuliza swali moja tu, nani ataitengeneza ikiharibika tena. Wakamjibu, akatoa. Kile kijitabu hakuna aliyekijadili, na si kwa dharau. Wanafamilia hawakuona ndani yake mtu wa kumwuliza swali.

Najua majibu yatakayokuja, na yana uzito tofauti. Lililo jepesi kuliko yote ndilo linalouzwa kwa bei kubwa, kwamba huu ni mchezo wa wingi: tuma maombi mia, majibu mawili matatu yatapatikana. Kwa zabuni ya wazi hoja hiyo ingeweza kusimama. Kwa mifuko ambayo imetangaza kwenye fomu yake kwamba haipokei maombi, ukituma mia au elfu jibu ni lile lile. Na kwa ile inayopokea, barua inayoweza kutumwa kwa yeyote inasomwa kama barua ambayo haikuandikwa kwa mtu. Wenye mifuko wanafahamiana, wanakutana, wanaulizana. Hapa hapa niliseme suala la mwandishi anayelipwa asilimia ya ruzuku. Miiko ya wachangishaji wa kitaalamu wa Marekani inakataza malipo ya namna hiyo, na sababu yake mtu yeyote anaiona. Asilimia hiyo haina pa kutoka ila ndani ya ruzuku yenyewe. Ukiitaja kwenye bajeti, mfadhili atakataa. Usipoitaja, itabidi ifunikwe kwa stakabadhi ya kitu ambacho hakikununuliwa, na uhusiano wako na familia iliyokuamini umeanza kwa kughushi. Mlipe mwandishi ada ya kazi yake, kwa kiasi kinachojulikana, fedha zitoke au zisitoke, au mwandike wenyewe. Na yeyote anayejiita mfuko wa hisani kisha akaomba ada ya usajili au ya kutoa fedha benki, huyo ni tapeli. Mfuko wa kweli hauombi fedha kwa mwombaji.

Hoja ya pili ni nzito, na sehemu yake kubwa naikubali. Inasema mfumo huu ni wa kujuana. Kama njia ya kuingia ni uhusiano, basi anayeingia ni yule aliyesoma nje, anayeandika Kiingereza kizuri, aliyewahi kukutana na wazungu kambini au hotelini. Tazama ramani utaiona. Mifuko mingi midogo inayotoa kwetu ilianza na msafiri: mtu aliyepanda Kilimanjaro, daktari aliyejitolea miezi miwili, mwalimu wa Peace Corps (mpango wa serikali ya Marekani wa wafanyakazi wa kujitolea) aliyerudi kwao na picha za darasa lisilo na madawati. Kwa hiyo pita Moshi, Arusha na Karatu uone vibao vya mashirika vilivyopangana barabarani, kisha nenda Katavi au Lindi. Umaskini haukugawanywa hivyo. Misaada hii midogo imefuata njia ya watalii, na familia zinazotoa hazina nia mbaya hata kidogo. Zinatoa palipo na uso wanaoukumbuka. Anayesema zabuni ya wazi ya serikali, pamoja na ubaridi wake wote, angalau ilimpa mtu wa Mpanda, huko Katavi, nafasi ya kushindana kwa karatasi, ana haki ya kusikilizwa. Ila nami nauliza ni asasi ngapi za Mpanda zilizowahi kushinda zabuni hizo zenyewe, bila kuwa mkandarasi mdogo wa shirika kubwa la Washington lililochukua sehemu yake kwanza. Mlango ule nao haukuwa wazi kama tunavyoukumbuka.

Dawa ya upendeleo huu wa kijiografia, kwa kiasi ninavyoona, ni mifuko ya kati iliyo hapa hapa. Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam imekuwa ikitoa ruzuku kwa asasi za mikoani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kenya Community Development Foundation ilianza 1997. Women Fund Tanzania ilianzishwa 2008 kwa ajili ya vikundi vya wanawake ambavyo hakuna mfadhili wa nje angevijua. Segal Family Foundation ya New Jersey, ambayo ni kubwa kuliko familia ninazozizungumzia, imechagua kufanya kazi yake Afrika Mashariki kupitia watu wa Afrika Mashariki. Familia ndogo ya ng'ambo ikipitisha sehemu ya zao lake kwa watu wanaojua Mpanda ni wapi, inaepuka ile kazi ya kisheria na inafika mahali ambapo mtalii hafiki. Asasi ndogo nayo inapata mtu wa kumwandikia anayejua ofisi ya mtendaji wa kata inafanyaje kazi. Kasoro ipo: kila mkono wa kati unakata gharama, na ukikaa vibaya nao unageuka kuwa Washington nyingine, ila hii iko Mikocheni, Dar es Salaam, au Kilimani, Nairobi. Bado ni kasoro tunayoweza kuisimamia sisi wenyewe, kwa sheria zetu na kwa magazeti yetu.

Wengine wanasema tuache kuomba kabisa, tuchangishane. Hoja hii inapendwa kwa sababu ina heshima ndani yake. Na ni kweli tunatoa sana. Kadi za michango ya harusi, daftari la msiba, harambee, zaka, paybill ya matibabu ya mtoto wa jirani: fedha inayopita humo kila wiki ni nyingi na hakuna aliyetufundisha kuitoa. Lakini tazama inakwenda wapi. Inakwenda kwa mtu tunayemjua, kwenye tukio lenye tarehe. Sijaona harambee iliyofanikiwa ya kumlipa mshahara mhasibu wa kituo cha msaada wa kisheria kwa miezi ishirini na nne, wala ya kulipia ukaguzi wa hesabu. Vitu hivyo havina machozi wala ngoma. Mchango wetu wenyewe uwe msingi, na asasi isiyoweza kuonyesha kwamba majirani zake wanaichangia chochote inastahili kuulizwa kwa nini. Kudai lakini kwamba mchango wa jirani utalipia kila kitu ni kuwatwika maskini gharama ambazo hata serikali imezikimbia.

Linalonisumbua zaidi ni la uwajibikaji. Familia inayotoa haikuchaguliwa na mtu. Inaweza kuacha mwaka wowote, bila sababu, bila rufaa. Mwanzilishi akifariki watoto wanaweza kupenda farasi, au nyangumi, au jumba la sanaa la mji wao, na sheria iko upande wao ilimradi wametoa ile asilimia 5. Mtu hawezi kumpigia kura mjukuu wa mweka wakfu. Hapa sina jibu la kuwatetea, na ndiyo maana nasisitiza kitu kisichopendwa kwenye warsha: huduma ambayo mtu akiikosa wiki mbili anadhurika haipaswi kuwekwa mikononi mwa mfuko wa familia. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, vipimo vya kifua kikuu, damu salama, chanjo, hizo ni za hazina ya taifa. Viongozi wa Afrika waliokutana Abuja mwaka 2001 waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, na ahadi hiyo ndiyo ya kwenda kubisha hodi kwayo kila mwezi wa bajeti, Dodoma na Nairobi. Kila asasi ya afya inayotumia mwaka huu kuandika barua mia kwa familia za Marekani ili ipate dola 5,000 za kununulia dawa inaiondolea serikali yake mzigo ambao dola 5,000 haziwezi kuubeba hata kwa robo mwaka.

Basi tuombe nini? Naomba asasi ziombe kile ambacho serikali haitalipia na mradi mkubwa ulikiona uchafu: uhai wa asasi yenyewe. Mshahara wa mhasibu, utajwe hivyo, mshahara wa mhasibu. Pango la ofisi. Ukaguzi wa hesabu wa kwanza, ambao bila huo hakuna mfadhili mwingine atakayekuangalia. Wakili wa kurekebisha katiba, hasa kwa wenzetu wa Kenya ambao sheria ya mashirika ya manufaa ya umma iliyopitishwa 2013 ilianza kutumika Mei 2024 na kuwataka wajipange upya. Mifuko ya familia ina uhuru wa kutoa fedha za namna hii, na mwaka 2020, korona ilipoingia, mamia ya mifuko ya Marekani iliahidi hadharani kulegeza masharti na kuacha wapokeaji waamue matumizi. Baadhi imebaki hapo hadi leo. Dola 6,000 haziwezi kubadili afya ya mkoa. Zinaweza kuiweka asasi ya watu watano hai mwaka mzima ikiwa na vitabu safi, na asasi yenye vitabu safi inaweza kusimama mbele ya baraza la madiwani ikauliza fedha za zahanati zimekwenda wapi. Miradi mikubwa ilitupa magari na semina. Uhuru wa kukaa kwenye kiti hicho cha baraza bila kumwogopa anayelipa posho hatukupewa.

Na zikitolewa, zitangazwe. Kanuni za Tanzania za mwaka 2018 ziliitaka asasi itangaze fedha zinazozidi shilingi milioni 20. Ruzuku nyingi za mifuko midogo hazifiki hapo, na viongozi wengine wanaona hiyo ni nafuu. Naona ni hasara. Bandika barua ya ruzuku kwenye ubao wa matangazo wa kijiji, kiasi na kusudi, na baada ya miezi sita bandika matumizi. Familia iliyo mbali haiwezi kuona matumizi ya kila shilingi, lakini mama ntilie aliye mbele ya ofisi yako anaona, na picha ya ubao huo ndani ya taarifa yako ni ushahidi ambao mkaguzi wa nje hawezi kuutengeneza. Jambo likiharibika, andika mapema: mvua imechukua daraja, fundi amekimbia na malipo ya awali, tumelifikisha polisi, tunaomba kubadili ratiba. Mradi mkubwa ulimwadhibu msema kweli kwa sababu kiashiria kilikuwa hakijafikiwa. Familia ndogo, kwa kadiri nilivyoona, inasamehe sana hasara iliyoelezwa na haisamehi ukimya.

Nina la kuwaambia pia wenye mifuko na wawakilishi wao walioko huku. Mnaposema mlango wenu uko wazi kwa asasi za msingi, pokeeni barua kwa Kiswahili. Kutafsiri kurasa mbili ni gharama ndogo sana kwenu, na kwa katibu wa kikundi cha maji ni tofauti kati ya kuandika mwenyewe na kumlipa mtu wa mjini amwandikie mambo asiyoyajua. Ombeni nyaraka zinazolingana na fedha mnazotoa. Kwa dola 3,000 cheti cha usajili, muhtasari wa kikao na taarifa ya benki vinatosha. Mkikataa, jibuni kwa sentensi tatu zenye sababu. Na mwaka mtakaoamua kuacha, semeni mwaka mmoja kabla, kwa sababu upande huu kuna mtu aliyeacha kibarua kingine ili awashikie vitabu vyenu.